Wasomaji Wauliza: Mangwe na Baa za Mitaani Kwetu Malindi

Katika toleo lililopita msomaji mmoja wa Maweni alitaka kujua ni wapi siku hizi mtu anaweza kuketi akanywa na wenzake bila kupigiwa muziki wa kupasua masikio. Swali lake lilikuwa la mistari miwili, lakini limetuletea barua nyingi kuliko tulivyotazamia, na karibu zote zimeiacha habari ya leo zikageukia mangwe, yaani vilabu vya kunywea mnazi, na baa za zamani za Maweni, Kisumu Ndogo, Muyeye na Barani. Tumechagua chache. Majina ya waandishi tumeyaacha, na msomaji wa Maweni atapata jibu lake mwishoni.

Macho ya mtoto, au kweli?

*Shikamoo Mzee. Nilizaliwa Maweni na sasa naishi Kisauni, Mombasa. Marehemu baba yangu alikuwa kibarua wa ujenzi, na kila jioni mama alikuwa akinituma nikamwite mangweni. Nakumbuka mchanga uliofagiliwa, wazee wameketi wakielekeana, wakizungumza kwa zamu, na adhana ya magharibi ikisikika kutoka upande wa mjini wengi wao walikuwa wameshashika njia. Nikiwasimulia wadogo zangu, ambao wanazijua baa za kukesha tu, wananiambia kwamba ninapamba. Je, mangwe za miaka ya 1980 zilikuwa zikivunjika mapema kweli, au haya ni macho ya mtoto? — Msomaji, Kisauni*

Marahaba, mwanangu. Hupambi. Mangwe ya mnazi ilikuwa ikivunjika mapema, ingawa wazee wenyewe wangependa tuamini kwamba ni kwa adabu yao. Adabu ilikuwapo kwa kiasi chake, lakini aliyewarudisha nyumbani hasa ni tembo, pombe yenyewe ya mnazi.

Mgema hupanda mnazi alfajiri na kurudia alasiri, na wengine huongeza mpando wa adhuhuri. Kila anapofika kileleni hulikata kwa kotama lile karara la maua alilolifunga, akiondoa kipande chembamba tu, ili jeraha libaki bichi na utomvu uendelee kudondoka ndani ya kibuyu mpaka atakaporudi. Tembo linaloshuka asubuhi ni tamu na ulevi wake ni mdogo, lakini chachu imo tayari kibuyuni, na joto la pwani yetu haliicheleweshi. Baada ya saa chache limeanza kupanda povu. Kufikia adhuhuri linaweza kumchangamsha mtu. Likilala hadi kesho yake limekuwa kali, linakwaruza koo na kuelekea kuwa siki. Chupa ya bia itamsubiri mnywaji wake rafuni kwa miezi, ilhali kwa tembo ni mnywaji anayepaswa kuwahi.

Ndiyo maana mangwe ilifuata saa za mgema. Kilikuwako kikao cha mchana, ambacho wengi wao walikuwa wavuvi waliokwisha kurudi baharini na wazee wasio na kazi ya kuajiriwa, na kilikuwako kikao cha alasiri, kuanzia kama saa kumi, cha vibarua kama baba yako waliotoka kazini na vumbi la saruji bado liko miguuni. Muuzaji akishamaliza mtungi wa alasiri hakuwa na cha kuuza tena mpaka kesho, na hata kama angekuwa nacho, koroboi moja haimulikii watu ishirini. Mgema naye alilala mapema, kwa kuwa mtu hapandi mnazi mrefu alfajiri akiwa na kichwa kizito, na wakati wa masika shina huteleza hata kwa aliyelala vizuri. Ongeza hapo kwamba tembo la siku hiyo hiyo hunywewa kwa wingi kabla halijamlevya mtu, hivyo kwamba mara nyingi tumbo lilijaa kabla ya kichwa, na utaelewa kwa nini baba yako aliweza kuinuka na kutembea nawe mpaka nyumbani.

Lakini nawe ulikuwa ukifika pale saa ile ile moja kila siku, saa ya kumwita baba. Hukuiona Jumamosi mchana. Vibarua wengi walilipwa Jumamosi, na siku hiyo mangwe unayoikumbuka imefagiliwa ilikuwa na wanawake wamesimama nje ya ua wakisubiri chochote kitakachosalia mfukoni mwa waume zao. Wako waliopigana, na wako waliokutwa wamelala mtaroni, na wako waliokunywa karo ya watoto wao kwa awamu mpaka ikaisha. Mama yako alijua alichokifanya alipokutuma wewe badala ya kwenda mwenyewe. Mwanamume wa rika la baba yako angeweza kubishana na mkewe mbele ya wenzake na kujiona shujaa, lakini mtoto aliyesimama kimya kando ya mlango hubishana na nani? Wenzake ndio watakaomwambia: "Bwana, inuka, umeitwa."

Kuhusu kuketi wakielekeana, hapo umetaja jambo ambalo mimi binafsi nalisikitikia kuliko tembo lenyewe. Mabenchi ya mangwe yalikuwa magogo ya mnazi yaliyopasuliwa na kupangwa pande nne za ua, au kuuzunguka mwembe, kwa hiyo kila aliyeketi aliona uso wa kila mtu, na aliyetaka kusema uongo kuhusu samaki aliyemvua alipaswa kuusema mbele ya waliokuwa naye mashuani. Tangu mechi za Ligi Kuu ya Uingereza zianze kuonyeshwa kwa setilaiti, viti vya baa zetu karibu vyote vimegeuzwa vitazame ukuta mmoja. Watu sitini huketi mle saa mbili nzima wakitoka wanajua matokeo, na hawajui kwamba aliyeketi mbele yao amefiwa.

Mlango wa chaki

*Mhariri mpendwa. Mama yangu aliuza mnazi, na baadaye bia, katika mtaa wa Kisumu Ndogo, na kwa fedha hizo alitusomesha sote. Mimi mwenyewe leo ni mwalimu. Shuleni tulikuwa tukiitwa watoto wa mangwe. Familia inajiandaa kumfanyia mama kumbukumbu, na wadogo zangu hawataki kazi yake itajwe. Wanataka iandikwe kwamba alikuwa mfanyabiashara, basi. Mimi nakumbuka mlango wa chumba alichowekea mitungi. Mama hakujua kusoma, kwa hiyo madeni aliyaandika kwa chaki mlangoni kwa alama zake mwenyewe: mvuvi alichorewa samaki, fundi wa baisikeli alichorewa gurudumu, mpishi wa hotelini kofia ndefu, na chini ya kila alama vijistari, kimoja kwa kila chupa. Aliyelipa alifutiwa kwa kitambaa chenye maji mbele ya macho yake. Nashauriwa nini? — Mwalimu, Kilifi*

Mwalimu, pole kwa msiba wa zamani na hongera kwa kumbukumbu hiyo ya mlango. Kama ungalipo, uchukueni na muutunze.

Kadi iliyochapishwa iandikwe wapendavyo wadogo zako, kwa sababu kadi huenda kwa watu wengi na si vyema ndugu wagombane kwa ajili ya kadi. Hotuba ndiyo iseme kweli. Anayesimama kuzungumza aeleze kazi yenyewe, maana wengi watakaokuwapo hawajawahi kuifikiria kuwa ni kazi. Muuzaji wa mnazi aliamka kabla ya jua kuupokea mzigo uliokuja kwa baisikeli kutoka Ganda au Msabaha, akauonja kila mtungi, akakataa uliotiwa maji na uliochanganywa na tembo lililolala, na akalipa papo hapo, kwa kuwa mgema hakopeshi. Yeye lakini alipaswa kukopesha, kwa sababu wateja wake walipata fedha kwa siku au kwa juma, na wavuvi walipata bahari ilipotaka. Tofauti baina ya kulipa sasa na kulipwa baadaye aliibeba yeye, kwa fedha zake, bila benki na bila dhamana. Ule mlango wa chaki ulikuwa daftari, na nyuma ya kila kistari palikuwa na uamuzi: huyu atalipa, huyu ana mgonjwa nyumbani tumpe muda, huyu asipewe tena hata akilia.

Tena alikuwa mwanamke mbele ya wanaume waliolewa. Wengi wa kina mama waliofanya kazi hiyo katika mitaa yetu walikuwa wajane au walioachika, na baadhi yao walitoka bara wakifuata waume waliokuja kutafuta kazi za hoteli na uvuvi. Shamba hawakuwa nalo, elimu ya kuajiriwa hawakuwa nayo. Muuzaji mwema aliujua wakati wa kumwambia mtu kwamba tembo limekwisha hali mtungi ungali na robo. Wateja walijua kwamba anadanganya, na waliondoka.

Nikuombe jambo moja tu. Katika watakaohudhuria huenda wakawamo wake na watoto wa wale waliokuwa wakinywa kwa mama yako, ambao kwao mlango ule una sura nyingine. Msiugeuze ukumbi kuwa sherehe ya ulevi. Mwombeni mzee mmoja aliyekuwa mteja wake, kama yupo na ana heshima mtaani, azungumze kwa dakika chache kuhusu namna alivyokopeshwa na alivyokatazwa. Akizungumza yeye, wadogo zako watatulia.

Lawama kutoka Shella

*Assalamu alaykum. Mimi ni mkaazi wa Shella ya hapa Malindi. Jarida hili linasomwa majumbani mwa Waislamu, na sioni ni kwa nini kurasa zake zijazwe sifa za ulevi. Naomba maelezo. — Mzee, Shella*

Waalaykumu salaam, Mzee wetu. Hukumu ya dini kuhusu ulevi inajulikana, na safu hii haina ubavu wa kuijadili. Tunachokiandika ni habari za mji. Malindi ilikuwa na watu wa dini na desturi mbalimbali waliolazimika kuishi pamoja, na katika kuishi huko mangwe zilijua mahali pake: zilikaa nje ya Mji wa Kale, mbali na misikiti, huko Maweni na Kisumu Ndogo na pembeni mwa mashamba. Kwa Wagiriama na Wamijikenda wengine, tembo lilikuwa na kazi ambayo sisi wa mjini hatukuiona, kwani bila hilo mahari hayakuzungumzwa, mzee hakuzikwa ipasavyo, na koma, yaani mizimu ya wahenga, hawakumiminiwa sadaka yao.

Nakumbusha pia, kwa heshima, kwamba mgema huyo huyo alibisha hodi kwenye milango ya Waswahili. Kabla hamira ya dukani haijaenea, tembo ndilo lililokuwa chachu ya vitumbua na mikate ya mofa katika majiko mengi ya mwambao, na bibi zetu walitaka liletwe mapema. Wanaokumbuka ladha ya mkate ule husema kwamba hamira haijaifikia, nami nakubaliana nao.

Pipa, saa na ushuru

*Mzee, nilifanya kazi jikoni katika hoteli za ufukweni tangu nikiwa kijana hadi nilipopunguzwa kazi. Zamu ya asubuhi ilipokwisha saa tisa tulikuwa na baa yetu Muyeye: chumba kimoja, meza nne, mihogo ya kukaanga na samaki kutoka kwa mama aliyekaa mlangoni, rekodi za zilizopendwa, na mwenye baa aliyetujua sote kwa majina na kwa hoteli zetu. Katika miaka michache tu baa za namna hiyo zilitoweka. Ni nini kilichozipata? — Mpishi mstaafu, Muyeye*

Bwana Mpishi, baa yako ilipigwa kutoka pande kadhaa, na pigo la kwanza lilikuja na sura ya neema. Mwaka 2004 kampuni ya East African Breweries iliingiza sokoni Senator, bia ya pipa inayouzwa kwa kikombe, na serikali ikaipa nafuu ya ushuru ili watu wa kipato cha chini waiache chang'aa. Bei ilikuwa ya chini kweli. Lakini pipa likishafunguliwa linataka liuzwe upesi na lina vifaa vyake, na mwenye chumba cha meza nne hana wateja wa kulimaliza. Aliyefaidika ni mwenye ukumbi mkubwa. Halafu mwaka 2013 serikali iliipunguza nafuu ile kwa nusu, bei ikapanda, mauzo yakaporomoka, na wengi waliokuwa wamejenga biashara yao juu ya pipa wakabaki na mabomba makavu. Nafuu ilirejeshwa kwa sehemu kubwa baadaye, lakini waliofunga walikuwa wamefunga.

Katikati ya hayo ikaja Sheria ya Kudhibiti Vileo ya 2010, ambayo wananchi waliiita kwa jina la mbunge aliyeiwasilisha, Mututho. Baa zikaamriwa zifunguliwe saa kumi na moja jioni hadi saa tano usiku siku za kazi, na kuanzia saa nane mchana mwishoni mwa juma. Nia yake naiheshimu; wako watu waliookoka kwa sheria hiyo. Ila hebu fikiria zamu yako ya saa tisa. Mtu aliyeanza kazi alfajiri anamaliza, ana saa mbili za kusubiri mlango ufunguliwe, na hizo saa mbili ndizo alizokuwa akikaa na wenzake kisha akaenda nyumbani kula na watoto. Wengine wakaenda nyumbani moja kwa moja, jambo ambalo wake zao hawakulilalamikia. Wengine wakalala mchana, wakatoka jioni na kurudi usiku wa manane.

Kwa mnazi hali ilikuwa mbaya zaidi. Saa za sheria zilipangwa na watu waliokuwa wakiifikiria chupa. Tembo linaloshuka alfajiri halijui kusubiri saa kumi na moja jioni. Likisubiri limekuwa kali. Muuzaji akabaki na njia mbili, ama auze mchana kwa kujificha, ama auze jioni kitu ambacho mama wa yule Mwalimu wa Kilifi angekimwaga. Katiba ya 2010 imeipa kaunti kazi ya kutoa leseni za vileo, na mimi nilidhani kwamba kaunti yenye minazi mingi kama Kilifi ingeutazama mnazi kwa jicho lake. Nilisubiri sana.

La mwisho unalijua kuliko mimi. Baa ya wafanyakazi wa hoteli huishi kwa hoteli. Watalii walipopungua baada ya ghasia za uchaguzi za 2007 na 2008, na tena kuanzia 2014 kwa sababu ya hofu ya usalama katika mwambao, hoteli zilifunga milango kwa misimu mizima na zamu yako ya asubuhi ikawa haipo. Yule mama wa mihogo alikaa mlangoni akimsubiri nani?

Mboko wa babu

*Babu ameniachia mboko, yaani kibuyu, na mrija wake wa kunywea mnazi. Mrija una nyuzi zilizofumwa mwishoni. Ni za nini, na nivioshe vipi? — Kijana, Watamu*

Nyuzi hizo ni chujio. Utomvu wa mnazi huwavuta nyuki na wadudu wengine, nao huzama kibuyuni pamoja na vipande vya maganda. Mnywaji akivuta, takataka hubaki nje. Kibuyu usikioshe kwa sabuni, kwa sababu kitainywa harufu yake na hutaiondoa tena. Kisuuze kwa maji ya moto, kikaushe juani, kisha kitundike mahali penye hewa. Mrija upulize kwanza ujue kwamba haujaliwa na wadudu.

Nani mkweli kuhusu 1987?

*Tulikuwa vijana Kisumu Ndogo mwaka 1987, Gor Mahia ilipochukua kombe la Afrika. Tulijazana katika baa yenye redio kubwa hata wengine wakakaa juu ya kreti za bia. Rafiki yangu anashikilia kwamba fainali ilichezwa Nairobi. Mimi nakumbuka kwamba tulisikiliza pia mechi ya Tunis. Tumewekeana dau. — Msomaji, Barani*

Mko sahihi nyote wawili, ila mwenye kumbukumbu kamili ni wewe. Fainali ya Kombe la Washindi la Afrika ya 1987 ilikuwa ya mikondo miwili. Gor Mahia ilitoka sare ya 2-2 na Espérance huko Tunis, kisha ikatoka sare ya 1-1 Nairobi, na ikachukua kombe kwa mabao ya ugenini. Hakuna timu nyingine ya kandanda ya Kenya iliyowahi kutwaa kombe la klabu la Afrika nzima.

Naongeza jambo moja kwa ajili ya wasomaji vijana. Redio nayo ilikuwa sauti moja kwa watu wote, lakini haikuwa na picha, kwa hiyo macho yalibaki huru. Mtangazaji alipopandisha sauti watu walitazamana. Nani alipiga, kutoka upande gani, golikipa alikuwa amesimama wapi: kila mmoja aliichora mechi yake kichwani, na baada ya kipenga cha mwisho palikuwa na mechi nyingi za kubishania. Baa ilipata kazi ya juma zima.

Dau gawaneni.

Niende wapi sasa?

*Nawaomba mnijibu bila kuzunguka: siku hizi mtu anayetaka kunywa mnazi wa kweli, akae kwa utulivu na kuzungumza, aende wapi? — Msomaji wa Maweni*

Bwana, umengoja hadi mwisho, nawe ndiye uliyeyaanzisha haya.

Maweni kwenyewe sikushauri. Mnazi unauzwa, lakini minazi iliyokuwa ikiulisha mtaa imekatwa kupisha nyumba za kupangisha, na iliyosalia ni mikongwe ambayo mgema mwenye akili hataki kuipanda. Mwenye shamba naye ana hesabu zake, kwa sababu karara linalogemwa halizai nazi, na kiwanja kinachouzwa hakihitaji mgema wala nazi. Vijana wa nyumba za wagema wanaendesha bodaboda, na siwezi kuwalaumu. Aliyeanguka na pikipiki ana nafuu kuliko aliyeanguka kutoka kileleni. Kwa hiyo mnazi mwingi unaouzwa mjini hutoka mbali, hata upande wa Kaloleni na Rabai, ndani ya mitungi ya plastiki juu ya gari. Unapofika umeshaupoteza ule muda wake mzuri. Methali inamlaumu mgema kwa kutia maji, lakini siku hizi yeye hana hatia, maana maji hutiwa njiani, na sukari juu yake.

Nenda mnazi uliko. Kamata njia ya Ganda, au kusini kuelekea Msabaha na Gede, kisha uliza kwa upole kwa mwenye duka au mwendesha bodaboda mahali mgema anapoteremshia. Usiulize mangwe yenye jina au bango. Zilizo nzuri hazina. Fika kama saa kumi alasiri. Wasalimie walioketi kabla hujamsalimia muuzaji, wazee kwanza, na ungoje uonyeshwe pa kukaa, kwa kuwa kuna benchi la watu ambao wamekaa pale tangu kabla hujazaliwa na hawapendi kulisemea. Muuzaji mwema ataonja mbele yako kabla hajakupa; asipoonja, mwombe aonje, hatakasirika. Uliza bei mapema. Beba fedha ndogo ndogo, maana noti kubwa huwafanya watu watatu watumwe dukani kutafuta chenji. Simu iache mfukoni, na usimpige mtu picha.

Kunywa polepole ukila kitu, mihogo au samaki, kwa kuwa mnazi mbichi juu ya tumbo tupu una ubishi wake usiku. Na ukikuta kwamba mtungi wa alasiri umekwisha, usimsihi muuzaji akutafutie lililolala. Rudi kesho, na utangulie kidogo. Dereva wa bodaboda mpange kabla hujaketi, kwa sababu magharibi ikishaingia wengi wao hugeuka mjini, na pikipiki yako mwenyewe nakuomba uiache nyumbani.